Gari la Maji la Mwalimu

Mwalimu alitembea katikati ya barabara, mikono mgongoni, na pikipiki ndizo zilizompisha. Akikutana nawe hakukusalimu. Alisubiri asalimiwe, kisha akajibu "Muga" kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuazima kitu na anataka ukirudishe. Kijiji chetu kizima cha Kanyakine kilimheshimu. Mimi nilimchukia tangu nikiwa darasa la tatu, na sioni haya kusema hivyo. Kinyongo chenyewe kilikuwa cha mama, lakini mama hakuonekana kukitaka, basi nikakichukua mimi na kukitunza vizuri.

Sitamtaja jina. Jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa shule na kwenye jiwe la msingi la kanisa, na hapo panamtosha.

Alifundisha Sayansi na Jiografia, na alikuwa katibu wa kamati ya kanisa kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu tena. Lakini kilichomfanya ajulikane kutoka kwetu hadi Nkubu ni kwamba alikuwa amepanda gari la maji. Katika mji mmoja wa Ujerumani, alisema, kuna kilima, na kwenye kilima hicho kuna reli ya zamani, iliyojengwa kabla babu zetu hawajamwona Mzungu. Haina injini wala stima, yaani umeme. Kuna mabehewa mawili yaliyofungwa kwenye waya mmoja wa chuma, na waya huo umezungushwa kwenye gurudumu kubwa kule juu. Behewa la juu linajazwa maji tumboni, linakuwa zito, linateremka, na likiteremka linalivuta la chini lipande. Likifika chini linamwaga maji yake, na kazi inaanza upya.

Hadithi hiyo aliisimulia kwenye mikutano ya wazazi, kwenye harusi, na mara moja kwenye mazishi ya mtu ambaye hakuwahi kupanda hata lifti. Kila mara alianza na maneno yale yale: "Mwaka ule kanisa lilinichagua mimi." Kisha alinyamaza kidogo ili yatuingie. Watu wa kwetu hawachoki na hadithi nzuri, na hii ilikuwa nzuri, nakubali shingo upande. Alijua kuipandisha sauti pale behewa linapopanda na kuishusha pale linaposhuka, na wanawake waliobeba watoto walisahau kuwabembeleza.

Shuleni hakutuambia tu, alitutengenezea. Nyuma ya darasa kulikuwa na mteremko na mfereji wa maji wa wakulima. Alichukua makopo mawili ya mafuta ya kupikia, akayafunga kwenye kamba ya katani, akaipitisha kamba kwenye rimu ya baiskeli aliyoipigilia kwenye nguzo. Mtoto wa juu alijaza kopo lake maji, kopo likateremka, na lile la chini likapanda na jiwe ndani yake, sisi tukishangilia. Mtoto wa chini kazi yake ilikuwa kupokea kopo na kumwaga, na maji yote yaliishia miguuni pake. Wa chini nilikuwa mimi, kila mara. Nilirudi nyumbani viatu vikilia njia nzima.

"Hakuna anayepanda bila mwingine kushuka," alituambia akijipangusa mikono kwa leso. Wenzangu waliandika. Mimi nilimtazama tu, kwa sababu nilijua ni nani aliyeshuka ili yeye apande.

Alikuwa na adhabu moja isiyohitaji kiboko. Mtoto akisoma kwa sauti na kukosea neno, Mwalimu alisema "Anza tena" bila kuinua uso. Ukikosea mara ya pili, "Anza tena." Nimemwona msichana akianza ukurasa ule ule mpaka kengele ikalia, na kitabu kikalowa machozi. Hata kanisani wazee wakisoma Biblia na kuteleza, sauti ilitoka pale kwenye viti vya kamati: "Anza tena." Mwishowe maneno hayo yakawa ya kijiji kizima. Mama akipika uji ukashika madonge, baba alimwambia aanze tena, nao wakacheka wote wawili.

Sasa haki yake nimpe, maana mtu ukitaka kumchukia sawasawa ni lazima umchukie mzima. Mwaka wa mvua kubwa, mtoto wa jirani alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika mguu, na magari hayakuweza kufika kwetu kwa matope. Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka kwenye lami, huku suruali yake nzuri ikiharibika, na alipopelekewa kuku wa shukrani alimrudisha. Alilia waziwazi kwenye nyimbo za kuaga maiti. Hakugusa pombe wala miraa, lakini sukari ilimshinda. Mkewe alipoanza kuificha kwa sababu ya maagizo ya daktari, alitembea na vipande vya sukari mfukoni, akavitafuna kwa siri kama mtoto. Na sisi wasichana alitusukuma kuliko mwalimu mwingine yeyote. "Msome mtoke hapa," alituambia. "Dunia ni kubwa." Ndiye huyo huyo aliyemzuia mwanamke mmoja kutoka.

Habari yenyewe ni hii. Kanisa rafiki la kule Ujerumani lilituma mwaliko wa mtu mmoja aende kuwatembelea. Akina mama wa kwaya walimchagua mama yangu, aliyekuwa akiwaongoza, na kanisa zima likapiga makofi. Walimshonea koti zito la zambarau kwa fundi wa Nkubu kwa ajili ya baridi ya huko. Nyanya yangu alimbariki kwa njia ya zamani, akamtemea mate kidogo kifuani na kumwambia aende salama na arudi salama. Pasipoti ikatoka. Begi likafungwa. Ndipo kamati ikaketi, katibu wake akiwa Mwalimu, ikaona kwamba mama aliishia darasa la saba na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Baadaye tulikuja kujua kwamba pasipoti ya Mwalimu ilikuwa tayari kabla kamati haijaketi.

Alikuja mwenyewe kutuambia. Alisimama langoni na kukataa kuingia.

"Mama Kendi, kamati imeamua," alisema. "Usione ni mimi. Ni kamati."

"Imeamua nani aende?"

"Wameniomba mimi." Akaangalia viatu vyake. "Na hiyo koti pia. Hiyo ni mali ya kanisa."

Mama aliingia ndani, akatoka na koti likiwa limekunjwa vizuri, akampa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikishika sketi yake, na nakumbuka nilitamani ng'ombe wetu akate kamba amfukuze yule mtu mpaka barabarani.

Begi lenyewe halikufunguliwa. Nyanya alishikilia kwamba mtu akishabarikiwa safari hawezi kufungua begi lake kabla hajasafiri, la sivyo baraka itamgeukia. Hakuna wa kumbishia nyanya katika mambo hayo. Basi siku ile Mwalimu alipoondoka kwenda Ulaya, akisindikizwa na basi zima la watu wanaoimba, mama alichukua begi lake akaenda Embu kwa shangazi yake, akakaa huko mpaka Mwalimu aliporudi. Watu walicheka. Kwa muda mrefu sokoni walimuuliza habari za Ulaya ya Embu, na kama ndege ilitikisika pale Chuka. Siku mama aliyorudi kutoka Embu alikuta mbuzi amechinjwa na nyimbo zinaimbwa, lakini zilikuwa za mtu mwingine.

Sebuleni kwa Mwalimu kulitundikwa picha ya safari hiyo. Amesimama kwenye mlango wa behewa la njano, kidevu juu, amevaa koti la mama. Mikono ya koti imeishia mbali na viganja vyake, na vifungo viko upande wa kike. Kila mgeni aliyeletwa pale kunywa chai aliliona behewa. Mimi nililiona koti.

Mama alinishinda kumwelewa. Kila Mwalimu aliposimama kanisani kusimulia gari lake, yeye alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono imekunjwa mapajani, anamtazama usoni. Watu wakicheka, hakucheka. Wakiguna kwa mshangao, hakuguna. Hadithi ikiisha alisimama na wenzake wakaimba. Nilidhani huo ni unyonge, na unyonge huo uliniuma kuliko wizi wenyewe. Nikajiapiza kwamba kama yeye hawezi, mimi nitaweza.

Nikasomea uuguzi. Ilipofunguka nafasi ya kwenda kufanya kazi Ujerumani, niliomba, nikajifunza Kijerumani mpaka ndoto zikaja nacho, nikaenda kuwatunza wazee wa watu. Sitasema nilienda kwa sababu ya Mwalimu. Lakini wakati wa kuchagua mahali, nilichagua karibu na mji ule, ambao jina lake nilikuwa nimelihifadhi tangu siku mama alipolisoma kwenye mwaliko kwa sauti, akikanyagakanyaga herufi. Nilimpigia mama simu nikitaka nimtumie tiketi aje tupande pamoja.

"Mimi safari yangu nilienda," alinijibu. "Nilienda Embu. We enda tu."

Basi nikaenda peke yangu, siku yangu ya mapumziko, na nilikwenda kwa nia mbaya. Nilitaka kumfumania Mwalimu na uongo. Hata mmoja ungenitosha: rangi, au viti, au yale maji. Mtu ambaye ni mwizi na mwongo ni rahisi kumchukia kuliko mwizi msema kweli.

Behewa lilikuwa la njano, kama alivyosema. Viti vya mbao, vimepangwa kwa ngazi ili mtu asiteleze, kama alivyosema. Dereva alisimama nje mbele, akazungusha gurudumu la breki kwa mikono miwili, na chini yetu meno ya chuma yakaanza kugonga kwa mpigo ule ule ambao Mwalimu alikuwa akituigia kwa kugonga meza. Katikati ya kilima reli iligawanyika, na nikajua kabla sijaona kwamba lile behewa lingine linakuja, linashuka zito na maji yake, na watu wake watatupungia mikono. Walitupungia. Nikanyoosha simu nikarekodi yote kwa hasira. Nilikuwa kama mtu aliyevamia nyumba usiku kufumania, akakuta mwenye nyumba anasali. Hakuwa ameongeza hata neno moja. Kilima kizima nilikijua kwa kinywa chake, na kiti nilichokalia, karibu kabisa na dereva, nilijua nani angekikalia kama si kamati.

Desemba iliyopita nikarudi nyumbani kwa likizo. Mwalimu alikuwa amekwisha. Magoti yamekataa, mke ametangulia, na pale kwenye stendi ya bodaboda vijana walimwita Garimoshi. Kizazi kipya hakikuiamini hadithi yake. Gari linalopanda mlima kwa maji, bila mafuta, bila stima, waliona ni mambo ya mzee aliyeanza kupotea. Na kweli kuna kitu kilikuwa kimempotea: jina la mji. Mjukuu wake anayesoma chuo Nairobi alitafuta kwenye simu akapata reli za kupanda vilima, lakini zile alizozipata zote zilikuwa za stima, naye akamwambia babu yake hivyo mbele za watu. Picha ukutani haikumsaidia, kwa sababu ilionyesha mlango wa behewa tu.

Ndipo akaniita. Aliniletea ujumbe kwa mkwewe kwamba mtoto wa Mama Kendi aje anywe chai. Nilielewa haraka anataka nini. Katika Imenti ya kusini yote, mtu mwingine aliyepanda gari lile ni mimi. Nilichaji simu yangu ikajaa, nikaenda.

Sebule ilikuwa na wanawe, wakwe, wajukuu na jirani wawili. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake chini ya picha. Safari hii alinisalimu yeye kwanza.

"Muga, Kendi. Umekuja," alisema. "Sasa waambie hawa. Hapo nilikuwa nikiwaambia, na wewe umetoka huko."

"Niwaambie nini, Mwalimu?"

"Ile gari ya maji. Waambie kama iko ama haiko."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo maisha yangu yote, ingawa sikujua yangekuja kwa kuombwa.

"Nitawaambia," nikasema. "Lakini kwanza wewe uwaambie, hiyo safari ilikuwa ya nani?"

Mwalimu alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini nilijua amenielewa, kwa sababu mkono wake uliingia mfukoni kutafuta sukari.

"Hiyo ilikuwa ni kamati," alisema. "Kamati ndiyo iliamua."

"Basi, Mwalimu, mimi nimetafuta," nikasema kwa upole wote nilionao kazini. "Nimeuliza mpaka wenyeji wa huko. Hakuna mtu anaijua hiyo gari. Haiko."

Mjukuu alicheka, si kwa ubaya. "Si nilikuambia, Babu? Ulikuwa umeota."

Wengine nao wakacheka, na mkwewe akasema mzee aachwe, umri ni kitu kibaya. Mwalimu alikuwa ameshika kipande cha sukari kati ya vidole viwili na hakukipeleka mdomoni. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha, na ilikuwa tamu. Nilipotoka nilitembea katikati ya barabara, na pikipiki zikanipisha.

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi za kupika. Nilikaa karibu naye nikamwambia nimemmaliza Mwalimu, nikamhadithia yote, neno kwa neno, jinsi walivyocheka na jinsi alivyoshika sukari. Nilitegemea walau atabasamu. Kisu chake kikasimama kwenye ganda.

"Umewaambia haiko?"

"Ndiyo."

"Na iko?"

Nikafungua simu nikamwonyesha. Alipangusa mikono yenye utomvu wa ndizi kwenye leso, akaishika simu kwa mikono miwili. Alitazama behewa likipanda, lile lingine likishuka, watu wakipunga mikono. Ikaisha. Akasema nirudishe mwanzo, nikarudisha.

"Hapo mtu anakaa wapi?"

"Hapo mbele, karibu na dereva. Hapo ndipo nilikaa."

Akatikisa kichwa polepole. Akanirudishia simu.

"Sasa, Kendi," alisema. "Kama hiyo gari haiko, mimi nilinyimwa nini?"

Nikaizima simu.

"Miaka hiyo yote nikikaa benchi ya mbele, wewe ulidhani nafanya nini? Naomba?" Akaendelea kumenya, na ganda likaanguka refu bila kukatika. "Kila akisimulia, alikuwa ananiona. Angeangalia huku, angeangalia kule, lakini lazima angefika kwangu. Alikuwa anatoka jasho, wewe mtoto hukuona. Hiyo hadithi ni mzigo nilimwekea kichwani, na alikuwa abebe mpaka kaburini. Sasa wewe umeenda ukamtua. Amepumzika. Watu wanasema tu ni mzee, ameota. Mtu akiota anadaiwa nini?"

Nilimtazama mama yangu kama mtu niliyekutana naye siku hiyo. Kile kinyongo nilichodhani nimekibeba mimi, nilikuwa nimeshika mkia wake tu.

"Kesho baada ya kanisa tunarudi," alisema. "Utawaambia iko. Utawaambia na jina ya mji."

Kesho yake alivaa sare yake ya kwaya. Alitangulia njiani nami nikamfuata. Sebule ilikuwa na watu walewale na wengine zaidi, kwa sababu habari ya jana ilikuwa imetembea. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, ameinamisha kichwa, na hakuna aliyekuwa akizungumza naye. Mama alichagua kiti kilichomwelekea, akaketi, akakunja mikono mapajani.

Nikasema jana nilikosea. Nikataja jina la mji. Nikapitisha simu mkono kwa mkono. Mjukuu aliliandika jina kwenye simu yake mwenyewe, akasoma, akasoma tena, halafu uso ukamlegea.

"Aki ya Mungu, iko," alisema. "Inaenda na maji kabisa. Babu, pole. Iko."

Kelele zikaanza. Watu walisimama kuiangalia video, wakamshika Mwalimu mabega, jirani mmoja akamwomba msamaha kwa niaba ya stendi nzima. Niliuona uso wake ukiinuka, ukirudi ule wa zamani, kidevu juu kama kwenye picha. Nilikereka sana kuuona, nikamgeukia mama nione kama haya ndiyo aliyoyataka. Yeye alikuwa ametulia tuli.

"Tuambie tena, Babu," mjukuu akasema, akiweka simu yake tayari kurekodi. "Tuambie vizuri, kutoka mwanzo."

Mwalimu akakohoa, akanyoosha mgongo, akawazungushia watu macho kama alivyokuwa akifanya. Macho yakazunguka yakafika kwa mama, yakakwama.

"Mwaka ule," alisema, "kanisa lilinichagua mimi."

"Anza tena," mama akasema.

Hakupaza sauti. Lakini karibu kila mtu pale alikuwa amefundishwa na Mwalimu, na kila mmoja aliyajua maneno yale. Hakuna aliyecheka. Mkwewe, aliyekuwa akimimina chai, aliinua birika na kulishika hewani.

"Mwaka ule kamati ilikaa..."

"Anza tena, Mwalimu."

Alimtazama mjukuu, akaitazama simu iliyomwelekea, akatazama mlango. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya midomo, na safari hii nililiona. Mkono wake ulitafuta mfukoni na kutoka mtupu.

"Mwaka ule," alisema, na sauti ikatoka nyembamba, "kanisa lilimchagua Mama Kendi."

Mama alinyoosha mkono akachukua kikombe chake, akanywa kidogo, akakirudisha mezani.

"Sasa endelea," akasema.